Virgule Niliyovuka Nayo Mpaka

Hakuna kitu cha kompyuta kilichoweza kunishangaza. Niliwaambia hivyo watu wa Juru, huku kambini Nakivale, nikawaambia watu wa Mbarara, na nikikosa wa kumwambia nilimwambia mke wangu, naye alinijibu, "Sawa, Papa Neema, tumesikia." Nimefufua simu zilizoanguka chooni. Nimefungua laptop kwa kisu cha kumenyea mihogo nikaifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani. Shule niliachia darasa la tano, kule kwetu Kivu ya Kusini, lakini kurasa za mtandao nilizotengeneza zimefunguliwa na watu wa Kampala wenye digrii ukutani, na hakuna aliyeuliza fundi alisoma wapi. Sasa macho yamechoka. Nimerudi kwenye maharage yangu, kibodi nimewaachia ninyi vijana. Kabla hamjanisahau, kaeni niwape habari ya kazi moja, ile ya Mama Godeliva.

Ninyi mmekuta mambo yamelainika. Sisi zamani kurasa tulizipaka rangi moja moja. Ukitaka kichwa cha habari kiwe chekundu, unaandika chekundu. Vikiwa vichwa mingi, unaandika mara mingi, mpaka kidole kinalalamika. Halafu zikaja fremuweki. Fremuweki ni nguo ambayo mtu mwingine ameshaishona: vitufe, menyu, nafasi kati ya hiki na kile, vyote viko tayari. Unavaa, unaondoka. Ubaya wake ni kwamba kila mtu amevaa hiyo hiyo. Pita kurasa za Mbarara yote, duka la dawa, shule ya chekechea, mchungaji, wote kitufe chao ni cha bluu ile ile, kama ndugu wa tumbo moja.

Fundi wa kweli habandiki kiraka juu. Anarudi kwenye mtindo wenyewe ukiwa bado mbichi, umeandikwa kwa Sass, lugha ya mafundi, anabadilisha rangi na vipimo pale mwanzoni, halafu anaupitisha wote kwenye programu inayougeuza kuwa CSS ya kawaida, inayosomwa na kivinjari. Wenye shule wana jina lao la kazi hiyo. Sisi wa Nakivale tulisema kusaga. Si ni mashine ile ile ya kusagia? Mahindi yanaingia huku, unga unatoka kule. Kivinjari hakili mahindi, kinakula unga. Na mshike hili, maana nimeona vijana wenye vyeti wakilikosea: vipimo vyako vitangulie, fremuweki ifuate. Ukiviweka nyuma, mashine haikugombezi, inasaga tu kama hukusema kitu, na bluu inarudi. Maharage yakishapakuliwa, chumvi inabaki juu juu.

Basi. Mama Godeliva ni Mrundi, fundi wa cherehani, na wakati ule alikuwa anashonea chini ya turubai karibu na kisima, jirani yangu kabisa. Kwaya ya parokia moja Mbarara ilitaka sare mpya. Kamati yao ilipanga kukaa Jumapili baada ya misa, kila mmoja na simu yake, waangalie kazi za mafundi watatu wachague mmoja. Mafundi wawili walikuwa na maduka mjini. Yeye alikuwa na turubai. Alishaona chumba kidogo Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, cha kufungulia kazi, na mwenye nyumba alikubali kumwekea mpaka Jumatatu. Akipata kwaya, anachukua chumba. Akiikosa, anarudi chini ya turubai, na yeye alishaniambia kwamba turubai lile akilitazama tena mwaka mwingine mmoja atalikata alishone suruali.

"Papa Neema," akaniambia, "wale batu hawatafika Juru kuona mikono yangu. Wataona ukurasa. Ukurasa ukiwa mubaya, na miye ni mubaya."

"Mama Godé, weye kaa na cherehani yako. Minazaliwa kwa kazi hii."

"Ulizaliwa Fizi, nasikia."

"Fizi, ndiyo. Lakini kwa kazi hii."

Alitaka vitu viwili tu. Rangi iwe ile ya kitenge chake cha dhahabu, si bluu ya mchungaji. Na picha za magauni zisibanane. "Nguo inataka kupumua," alisema, na akanyoosha mikono kunionyesha nafasi, kama anampima mtu mnene.

Rangi ni kazi ya mtoto. Nafasi ndiyo yenye akili. Kwenye fremuweki ile kuna kipimo kimoja mama, na nafasi zote za ukurasa ni watoto wake: hii ni robo yake, hii nusu yake, hii mara tatu yake. Ukimkuza mama, watoto wote wanakua. Alikuwa moja, kwa kipimo kinachoitwa rem, nikaona awe moja na nusu. Miaka yote nilifanya kazi na pikseli, na pikseli ni namba nzima, hakuna mtu anayekata pikseli katikati. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika nusu kwenye kompyuta. Sikuogopa. Niliandika moja virgule tano, ule mkato wa shule zetu za Kifaransa, safi, kama mwalimu wangu alivyonifundisha, yule aliyekuwa akitupiga fimbo ya mkono kwa kila virgule iliyosahaulika. Virgule yangu sijawahi kuisahau tangu siku hizo.

Nikasaga. Mashine ikagoma.

Hapa lazima niwatambulishe Mugisha. Ni Munyankore, mwenyeji wa huku, kijana wa chuo kikuu, ana ofisi Kamukuzi, Mbarara, yenye kiti kinachozunguka. Tulifanya kazi pamoja: mimi natengeneza, yeye anapandisha ukurasa mtandaoni, maana kule Juru mtandao ulikuwa kama mgeni wa heshima, unakuja ukitaka. Kutuma faili nzima ilikuwa kumaliza bando, kwa hiyo nilikuwa namsomea mabadiliko kwa simu, naye anayaandika kwenye mashine yake. Hayakuwa mistari mingi.

"Rangi nimeandika," akasema. "Endelea, mzee."

"Nafasi: moja virgule tano rem."

"Nimeandika. Ingine?"

"Imeisha. Saga."

Nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi. "Iko sawa. Imetoka yote. Rangi safi, ssebo, bwana wangu!"

"Kwangu inakataa."

"Inasema nini?"

Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini ujumbe wa makosa ninausoma. Ulisema hesabu hii haijulikani: (1, 5rem) * 0.25. Nikamsomea: "Inakataa kuzidisha moja virgule tano mara robo."

Mugisha akacheka. "Hiyo hesabu hata mbuzi anaweza. Mzee, mashine yako ilikufa zamani, wewe tu unakataa kuizika."

Nami niliamini! Vijana, niliamini. Kosa lilikuwa limekaa mbele ya pua yangu, nikalisoma, nikaliona ni sahihi, nikailaumu mashine. Moja na nusu mara robo haijulikani? Ni mashine gani hii isiyofika darasa la tatu? Ile robo pale pembeni ilikuwa na nukta badala ya virgule, nikaiona, nikasema hicho ni Kiingereza cha mashine, achana nacho.

Niliyefundishwa naye kazi ni mzee mmoja wa redio, Sylvestre, marehemu sasa. Alikuwa na kanuni moja: badilisha kitu kimoja, halafu sikiliza. Redio ikikoroma, usiguse vitu vitatu kwa pamoja, maana ikipona hujui nani daktari, na ikifa hujui nani muuaji. Maneno hayo nimewapa vijana wangu wote. Siku ile niliyasahau kama mtu asiyekuwa na mwalimu. Nilifuta Sass nikaweka nyingine. Nilibadilisha toleo la Node, programu inayoiendesha Sass. Nilifuta fremuweki nzima nikaishusha upya kwa bando la jirani. Niliondoa rangi nikairudisha. Kila nikisaga, jibu ni lile lile: (1, 5rem). Ijumaa nikamwambia mke wangu tuuze mbuzi, nikanunue laptop ingine Mbarara.

"Mbuzi alikosa nini?" akaniuliza.

"Hajakosa. Ni mashine inagonjwa."

"Mashine inagonjwa, unachinja mbuzi. Hata mganga wa kule kwetu hakuwa na bei hiyo."

Hata hivyo nilimpa jirani neno kwamba mbuzi yuko sokoni. Na Mama Godeliva nikamwambia kila kitu kinakwenda vizuri. Hakuniuliza mara mbili. Alikuwa anashona gauni la mfano usiku na mchana ili kamati ikimwita Jumapili awe na kitu cha kuwashikisha mikononi, na nilipopita karibu na turubai nilisikia cherehani haipumziki. Sauti ile ilinisumbua kuliko kosa lenyewe.

Jumamosi mimi kila wiki huenda Mbarara kuuza maharage, kwa hiyo nilikwenda na gunia huku na laptop kule. Mama Godeliva alikuja pia, akashuka Nyamityobora kupima chumba kile kwa utepe wake, apate kujua meza ya kukatia vitambaa itaingia wapi. Mimi nikapanda Kamukuzi.

Tukaweka mashine mbili bega kwa bega. Yake ikasaga. Yangu ikagoma. Mugisha akakagua toleo la hiki na toleo la kile, akakagua hata tarehe ya mashine. Faili hatukulifungua. Tungelifungua kwa nini? Lilikuwa moja, nilimsomea mwenyewe kwa mdomo wangu, naye akaliandika kwa masikio yake.

"Mimi nasema tena," akasema Mugisha. "Ni mashine ya wakimbizi."

"Mkimbizi ni mimi. Mashine ilinunuliwa Bukavu, ni mwenyeji popote."

"Basi imeomba kurudi."

Nikamkasirikia. Na pale pale umeme ukaondoka. Kompyuta yake ikazima, na yangu, ambayo betri yake ilikuwa pambo tu, ikazima pia. Hakuna la kufanya. Tukashuka Nyamityobora kula, kila mtu kwa miguu yake na kwa hasira zake.

Pale karibu na chumba cha Mama Godeliva kuna mama wa Uvira, Mkongomani mwenzangu, anayekaanga roleksi, ile chapati inayokunjwa na mayai ndani. Mama Furaha, tunamwita. Tulimkuta Mama Godeliva amekaa kwenye benchi lake, utepe shingoni. Ukutani Mama Furaha alikuwa ameandika bei kwa chaki: Rolex 1.500.

Mugisha akasimama mbele ya ukuta, akaunyooshea kidole. Ukiwa na hasira na mtu, unamtafuta mwingine wa kumchokoza.

"Nnyabo, mama! Chapati ya shilingi moja na nusu! Nipe mia moja, nipeleke kijijini."

"Shilingi moja na nusu fasi gani?" Mama Furaha akajibu bila kuinua macho kwenye karai. "Ni elfu moja mia tano. Hauone?"

"Naona point. Elfu inaandikwa na comma. Point ni ya nusu."

"Kwenu. Kwetu point njo ya elfu, virgule njo ya nusu. Mwalimu wangu alikuwa padri, alikufa akiandika vile. Wewe unataka chapati ao unataka masomo?"

"Mama, utapata hasara. Mtu atakuja na sarafu moja."

"Aje. Atakula harufu."

Watu wa benchi wakacheka. Mama Godeliva akacheka mpaka utepe ukaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika chapati yangu, nimeiuma, na sikuweza kuimeza.

Nikamuuliza Mugisha, polepole, kama mtu anayeuliza habari za msiba: "Ile nafasi niliyokusomea. Moja virgule tano. Uliandika nini?"

"One point five."

"Uliandika nukta."

"Sasa ningeandika nini?"

Nikamnyooshea kidole ule ukuta. Alinitazama, akautazama ukuta wa Mama Furaha, akanitazama tena, na vijana, nakwambieni, yule mtoto wa chuo kikuu alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akalia machozi.

Umeme uliporudi tulifungua faili langu. Pale palikuwa na virgule yangu, nzuri, iliyonyooka, ya fimbo za mwalimu. Mugisha akanieleza, na kwa hilo nampa heshima yake, hakunidharau. Kwa Sass virgule ni foleni. Ukiandika virgule, inafikiri unaita watu kwa majina: moja, halafu tano. Vitu viwili. Halafu unaiambia izidishe foleni mara robo! Ndiyo maana ilipokuwa inanijibu iliacha nafasi kati ya virgule na tano, nafasi ambayo mimi sikuiandika. Mashine ilikuwa inanionyesha kwa kidole. Mimi nilikuwa natazama uso wake, si kidole.

Nikabonyeza nukta. Kwenye kibodi yangu ya Kifaransa virgule inatoka bure, nukta mpaka uishike na kitufe kingine, kama kitu cha kuomba. Nikaiomba. Nikasaga. Ikasaga yote kwa mara moja, bila neno.

Nani aligundua? Mugisha anasema ni yeye, kwa sababu ndiye aliyeanza mzaha. Mama Furaha anasema ni ukuta wake. Mimi nasema ni mimi, kwa sababu wengine wote walikuwa wanacheka, na aliyeacha kutafuna ni mmoja.

Lakini nitawaambia kitu ambacho huwa nakifikiria nikiwa peke yangu shambani. Tulipovuka mpaka tuliacha mingi. Tuliacha sufuria, tuliacha milango, tuliacha makaburi. Tulipofika hapa tulijifunza salamu za hapa, bei za hapa, na watoto wetu wanahesabu kwa Kiingereza hata ndotoni. Nimenunua sukari Uganda miaka yote hii, nimeona virgule ya elfu kwenye kila bei ya kila duka, na jicho langu likaisoma vizuri bila kuniuliza. Kumbe chini kabisa, chini ya yote niliyojifunza, ile ya darasa la tano ilikuwa bado imekaa na fimbo yake, inangoja siku nitakayohitaji nusu. Mtu hajui alivuka na nini mpaka kitu kikatae kusagika. Na mwenzako naye hajui, kwa sababu ukimsomea anasikia ya kwake. Tulikuwa tunaelewana kabisa mimi na Mugisha. Tulielewana hata kosa likapita katikati yetu bila kusimamishwa.

Kwa hiyo, vijana: kazi ikikubali kwa mwenzako ikakataa kwako, msigombanie mashine. Wekeni mafaili bega kwa bega, herufi kwa herufi, na mtumie macho, si mdomo. Na ujumbe wa kosa msiusome kama mtu anayewatukana. Usomeni kama mgonjwa anayesema anaumwa wapi. Kama ameacha nafasi ambayo hukuiacha, muulize kwa nini.

Ukurasa ulipanda jioni ile. Dhahabu ya kitenge, na picha zinapumua. Kabla haujapanda, Mama Godeliva alikaa kwenye kiti kinachozunguka, akaupitia wote kwa kidole, akafika kwenye bei za magauni. Niliziandika vile Mugisha anavyoandika, na virgule ya elfu: 45,000.

"Hapa," akasema. "Mukongomani akiona hii, atasema gauni ni shilingi arobaini na tano."

"Basi tuweke nukta."

"Munyankore naye atasema vilevile." Akafikiri. "Andika kwa maneno. Maneno hayana mupaka."

Tukaandika kwa maneno. Jumapili kamati ilikaa, na kabla ya saa sita alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia kwaya inaimba.

"Wamenipa za wanawake," akasema. "Za wanaume wamempa fundi wa mujini."

"Nusu tu?"

"Nusu, Papa Neema. Andika vile unataka."

Nusu ile ilitosha. Jumatatu alichukua chumba, na mpaka leo ukipita Nyamityobora utaona cherehani yake mlangoni, na turubai la Juru amelitandika sakafuni wateja wasikanyage simenti. Mbuzi wangu alizaa mapacha mwezi ule, na mke wangu hajaacha kunikumbusha nani alimtetea.

Watu huniuliza dawa ya kosa lile ilinigharimu kiasi gani, maana wamesikia habari ya laptop mpya na mbuzi. Nauli sihesabu, maharage yalikuwa yananipeleka Mbarara hata hivyo. Bando lilikuwa la jirani, naye amesamehe. Mugisha alijilipia chapati yake, kwa kuwa nilikuwa bado nimemkasirikia. Imebaki ile chapati niliyoiuma nikashindwa kuimeza, na Mama Furaha hapunguzi bei kwa mtu aliyeshtuka. Nawaandikia kwa maneno, asije mtu akanisomea vibaya: shilingi elfu moja na mia tano.